Siku yangu Mwenge: "Fundi, ni tundu tu"

Saa 11 alfajiri niko macho Tegeta, saa 12 na nusu nimening'inia kwenye daladala, saa 2 kasoro nafungua banda langu hapa kwenye vinyago vya Mwenge, Dar es Salaam. Nimechonga mpingo miaka 16. Hii miaka minne ya karibuni, nusu ya kazi zangu ni viko vya kuvutia tumbaku. Mimi mwenyewe sivuti. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, sina haja ya kuongeza moshi.

Saa 2 hadi saa 4 nilipiga msasa viko vitatu vya oda, namba 120, 240, kisha 400, nikamalizia na nta ya nyuki. Nta ni ya nje tu. Ndani hapapakwi vanishi wala rangi, maana moto unakaa humo na chochote ulichopaka kitaingia kifuani mwa mtu.

Katikati ya msasa akapita mgeni mmoja, akachukua ufunguo wake na kukwangua kinyago changu mgongoni aone kama ni rangi ya viatu. Wapo kweli wanaopaka mti mweupe rangi nyeusi, na wametuchafulia jina wote. Sikugombana naye. Nilitumbukiza kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji, kikazama hadi chini kama jiwe, jinsi mpingo wa kweli unavyozama. Akaondoka bila kununua. Alama ya ufunguo ilinichukua nusu saa kuifuta.

Saa 4 na robo akaingia Mwalimu. Tunamwita hivyo kwa sababu amestaafu ualimu. Miaka mingi alifundisha Urambo, kule kwenye mabani ya kukaushia tumbaku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nina kazi ndogo sana."

Akafungua gazeti. Ndani mlikuwa na kiko alichokichonga mwenyewe, cha kwanza maishani mwake, kwa kisu, barazani kwake, miezi miwili. Mti ni mpera wa uani, tawi alilolikausha darini zaidi ya mwaka. Nilikigeuzageuza mkononi. Kilikuwa kizuri! Bori, yaani kikombe cha tumbaku, la mviringo, digali, mkono wa kupitisha moshi, limepinda taratibu kama shingo ya bata, na nyuzi za mti zinapanda vyema kuzunguka ukuta. Na mpera kwa anayeanza ni chaguo la busara: mti wa matunda, mgumu wa kutosha, hauna utomvu, na kisu kinaingia. Mpingo ungemkatisha tamaa siku ya kwanza. Wazungu wanatumia uvimbe wa mizizi ya mti wa jamii ya Erika, unaoota kandokando ya bahari ya Mediterania. Jamii hiyo ipo hata kwetu, juu Kilimanjaro ukishapita msitu, ila kule ni hifadhi, haukatwi.

Tatizo ni kwamba kiko cha Mwalimu hakikuwa na tundu hata moja.

"Nitobolee tu hapa na hapa. Ni tundu tu, dakika mbili. Elfu mbili nitakupa."

Wazee wa pwani waliipa kila sehemu jina lake. Kiko chenyewe kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji. Bori ndipo penye tumbaku. Digali linapeleka moshi. Shilamu ndiyo unayoitia mdomoni. Kiko cha mti hakina maji, lakini majina yale yale nayatumia, kwa sababu kazi ni ile ile, moshi upite njia yake. Hiyo njia huioni kwa nje, na ndiyo kazi yenyewe. Shimo la bori ni milimita 20 hivi kwa upana. Tundu la moshi ni milimita 4, na lazima litokeze katikati ya kitako cha shimo lile. Likitokea juu, tumbaku ya chini inabaki mbichi na kiko kinalia majimaji. Likipita chini, umetoboa kiko. Ndiyo sababu tunatoboa mti ungali kipande cha pembe nne, umeshikwa sawasawa kwenye jiliwa, mistari ya penseli imechorwa ubavuni. Umbo linakuja baadaye.

Nilimweleza hivyo mara tatu. Mzee humkaripii, na kukianza upya hakutaka kabisa. Ikabidi nifanye njia ngumu. Nilichukua ubao laini, nikauchimba kwa patasi vipande viwili vinavyokumbatia kiko kama viganja, nikatandika kitambaa. Hilo peke yake ni saa nzima, na Mwalimu amesimama begani kwangu: "Bado tu, fundi?" Shimo la bori tulilimaliza saa 6 na nusu kwa mashine, nikiacha ukuta wa milimita 7 kila upande.

Digali ndilo lililonitoa jasho. Limepinda, na biti, chuma cha kutobolea, haipindi. Nilinyoosha uzi toka mdomo wa digali hadi kitako cha bori, ubavu huu na ubavu ule, nikitafuta mstari mmoja ulionyooka unaopita bila kutoka nje. Upo, ila pale shingoni unaacha mti wa milimita 3 tu. Nikafunga selotepu kwenye biti kuweka alama ya kina. Nimeingia sentimita 2, umeme ukakatika.

Mwalimu akapiga simu kwake, akanunua karanga, akaniuliza kama siwezi kusukuma kwa nguvu. Mimi sikula. Nilitoa keekee ya mkono ya marehemu baba yangu, nikaendelea polepole, mizunguko mitano, navuta, napuliza unga, mizunguko mitano tena. Saa ngapi sikumbuki. Shingo iliniuma, na nilipofika pale penye milimita 3 nilizuia hata pumzi. Kisha mti ukalegea ghafla mbele ya biti.

Nilimulika kwa simu. Tundu lilikuwa chini kabisa ya bori, limehamia kushoto kama milimita moja. Nilimpa apulize. Unga wa mpera ulimrukia usoni, akacheka kama mtoto, akapuliza tena.

Nilidai elfu kumi. Alilalamika sana kwamba ni tundu tu, tukaishia elfu nane. Shilamu nitamtengenezea Jumamosi kwa pembe ya ng'ombe.

Nikadhani tumemaliza, ninakunja vyombo. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa kipande kingine cha mpera, hakijaguswa na kisu, pande zote nne zimenyooka.

"Hiki nichoree hiyo mistari," akasema. "Nitakaa nacho hivyo hivyo mpaka ukitoboe."

Banda lilikuwa giza, umeme haujarudi. Akanishikia simu inimulikie, nami nikachonga penseli upya.