Jedwali la bamvua: nilivyolipanga hadi likasomeka kwenye simu

Karatasi ya maji, yaani ya saa za bahari kupwa na kujaa, ilikuwa inabandikwa ukutani kwenye banda la kikundi, pale akina mama wanapohifadhi mwani mkavu. Kila mwezi mmoja wao alikuwa anapanda daladala kwenda mjini kuitoa kopi, na kabla mwezi haujaisha unyevu na chumvi vilikuwa vimeshaila wino. Wanaokaa mbali na banda ilibidi watume mtoto kwenda kuangalia. Nilipowatengenezea tovuti ndogo kwa ajili ya sabuni na unga wa mwani wanaouza, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na zile saa za maji zinaweza kuingia humo?" Nikamjibu zinaingia. Jedwali la kwanza lilikuwa tayari jioni ile ile. Jedwali linalofaa lilinichukua bamvua mbili.

Kwa asiyeijua pwani ya mashariki ya Unguja: mwani ulianza kulimwa huku kibiashara mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Shamba ni kamba zilizofungwa kwenye vigingi, ndani ya maji mafupi kabla ya mwamba. Kufunga mbegu, kusafisha na kuvuna hufanyika maji yakipwa sana, nayo hupwa sana wakati wa bamvua, zile siku chache zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi kumi na nne. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiondoki vya kutosha. Kwenye bamvua maji yetu hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku saa inasogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Ukikosea saa, unatembea na kapu kichwani hadi shambani na kukuta vigingi vimezama.

Tovuti ipo kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, nami nilitumia kihariri chake cha bloku, yaani ukurasa unapangwa vipande vipande (aya, picha, jedwali), kile kilichoingia na toleo la 5.0 Desemba 2018. Faida yake ni kwamba unaliona jedwali linavyokua mbele ya macho yako, huandiki kodi za kompyuta. Kwenye mstari mtupu unaandika mkwaju (/) na jina la bloku, kihariri kinakuuliza safu ngapi na mistari mingapi, basi. Humu nitaita safu zile zinazoshuka, na mistari zile zinazolala. Wengine huziita zote safu, na nimeona watu wawili wakipewa agizo moja la kufuta, kila mmoja akafuta kitu chake.

Saa zenyewe ndizo zilizonikalisha mwanzo. Takwimu za bandari zimeandikwa kwa saa 24: maji kupwa 10:40, maji kujaa 16:52, maji kupwa 23:04. Hakuna mkulima wa mwani anayesoma 10:40 akaelewa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Atasoma saa kumi, na saa kumi jioni siku hiyo maji yamejaa. Kosa la saa sita kwenye jedwali la maji ni sawa na kumwambia mtu kinyume, kwa sababu baada ya saa sita na kidogo bahari imeshageuka. Kwa hiyo kabla sijagusa kihariri niliziingiza zote kwenye Excel nikaanza kutoa saa sita. Zilizokuwa mchana zilikubali. Za alfajiri, kama 04:28, zilijaza kisanduku alama za reli (#), maana ukitoa sita kwenye nne unapata hasi, na Excel haionyeshi saa hasi. Fomula iliyonitoa ni hii:

=MOD(B2-6/24,12/24)

Inatoa saa sita, kisha inazungusha kila kumi na mbili. 10:40 inakuwa 4:40, 23:04 inakuwa 5:04, na ile 04:28 inakuwa 10:28 kama tunavyoisema. Nilifurahi, nikapitisha mwezi mzima, kisha nikaona kwenye siku za maji mafu kuna mahali pameandikwa 0:20. Ilikuwa 18:20, yaani saa kumi na mbili na dakika ishirini, na Waswahili hatuna saa sifuri. Nikaongeza sharti kwamba ikitoka chini ya saa moja, iongezwe kumi na mbili. Pembeni nikaweka safu ya neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Neno hilo niliandika kwa mkono mstari kwa mstari nikiangalia saa ya asili, kwa kuwa sikutaka kompyuta iniamulie alfajiri inaishia wapi.

Kunakili kutoka Excel kuna namna yake. Nilitengeneza kwanza jedwali tupu kwenye kihariri, nikabofya kisanduku cha kwanza, nikabandika. Mwezi mzima ukarundikana ndani ya kisanduku kile kimoja. Kumbe usitengeneze jedwali kabisa: weka kishale kwenye mstari mtupu wa ukurasa, bandika hapo, na kihariri chenyewe kinajenga jedwali lenye safu na mistari ile ile uliyotoka nayo. Hakikisha tu kwamba kimo cha maji umekipa desimali moja kote kule Excel kabla ya kunakili. Mimi sikufanya hivyo, nikapata 0.3, 0.6, halafu 1 peke yake bila nukta, na jicho linaposhuka kwenye safu hiyo linajikwaa hapo. Siku hizi ni 1.0, na safu nzima nimeielekeza kulia kwa kitufe cha kupanga safu, ili nukta zikae chini ya nukta.

Jedwali hilo la kwanza lilikuwa na safu kumi: siku na tarehe vikiwa pamoja, saa nne za maji, vimo vinne, na maelezo. Kwenye kompyuta lilipendeza sana. Nikalifungua kwenye simu yangu, na "Jumatano" ilikuwa imekatika vipande vitatu, kila kipande mstari wake. Kule kwenye paneli ya pembeni kuna swichi inayozifanya safu zote ziwe na upana sawa, na kwangu ilikuwa imewashwa. Nikaizima. Maneno yakaacha kukatika, lakini sasa jedwali likatoka nje ya kioo, ikabidi kulivuta kwa kidole kwenda kushoto. Ukilivuta, tarehe inapotea, na saa unazoziona hujui tena ni za siku gani.

Nilipunguza maandishi, nikafupisha siku kuwa Jtatu na Jnne, nikaondoa nafasi. Bado. Asubuhi moja nikashuka pwani na simu mkononi, maji yakiwa yanarudi na akina mama wakipandisha mizigo. Nikamwamkia mzee wao, "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Nikampa simu, nikamwomba anitafutie kesho maji yanapwa saa ngapi. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, kioo hakikumtii. Juu ya hapo jua lilikuwa kali na rangi ya kijivu niliyoichagua kwa maandishi haikuonekana kabisa. Alikishikilia kioo chini ya kivuli cha mtandio wake, akasoma kidogo, akanirudishia. "Humu mna maji ya usiku pia. Usiku mimi shamba nitalifanyia nini? Niandikie saa ya kuingia tu."

Nilirudi nyumbani nikafuta safu sita. Kazi hiyo kwenye kihariri ni nyepesi: unabofya kisanduku chochote cha safu unayotaka kuiondoa, unafungua menyu ya jedwali kwenye upau wa juu, unachagua kufuta safu. Zikabaki nne: siku, maji kupwa, kimo, maelezo. Saa na neno lake nikavitia kwenye kisanduku kimoja, "4:40 asubuhi". Mstari mmoja kwa siku, ukiwa na maji kupwa ya mchana peke yake. Maandishi nikayarudisha kuwa meusi kwenye cheupe. Kwa mara ya kwanza jedwali likakaa ndani ya simu bila kuvutwa.

Rangi ilinipa funzo jingine. Nilitaka siku za bamvua ziwe na mandharinyuma ya kijani ili zionekane haraka. Kihariri kina uwezo wa kupaka rangi jedwali zima, na kina mtindo wa milia unaopaka mstari mmoja na kuruka mwingine, lakini mstari mmoja ninaouchagua mimi hakina kitufe chake. Nikafungua bloku kwa HTML, ile lugha ya kodi inayojenga kurasa, nikaongeza mtindo wangu ndani ya alama za td, zinazobeba visanduku, nikarudi. Onyo likatokea kwamba bloku ina maudhui yasiyotarajiwa. Hiyo ni haki yake: kihariri kinalinganisha kodi iliyopo na ile ambacho chenyewe kingeiandika, na mimi nilikuwa nimetia kitu kisichokijua. Ningeweza kuligeuza jedwali kuwa bloku ya HTML tupu likabaki na rangi zangu, lakini basi binti wa kikundi ambaye ndiye atakayelisasisha baadaye asingeweza kubofya na kuandika kama kawaida. Nikaghairi. Badala ya rangi nikaandika neno lenyewe, "Bamvua", kwenye safu ya maelezo, na saa za siku hizo nikazikoleza. Neno linasomeka juani, linasomeka na asiyetofautisha kijani na nyekundu, na kwenye karatasi nyeusi na nyeupe pia lipo.

Kichwa cha jedwali usikipuuze. Jedwali lililobandikwa kutoka Excel huwa halina kichwa cha kweli. Ule mstari wa juu wenye "Siku" na "Maji kupwa" ni visanduku vya kawaida, hata ukivikoleza. Kwenye paneli ya pembeni kuna swichi ya sehemu ya kichwa. Ukiiwasha, unaongezewa mstari mtupu juu kabisa; hamishia maneno yako humo, kisha futa ule wa zamani, la sivyo utakuwa na vichwa viwili. Visanduku vya sehemu hiyo huandikwa kwa alama ya th badala ya td. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini programu za kusoma skrini kwa sauti hutumia alama hiyo kumtajia msikilizaji yuko safu gani, na asiyeona ana haki ya kujua kwamba 0.3 anayoisikia ni mita za maji. Jina la jedwali nimeliweka kwenye maelezo mafupi (caption) ya bloku yenyewe, si kwenye safu ya maelezo, ili ukinakili bloku, jina linakwenda nayo. Ni muhimu liwe na mwezi na mwaka, maana jedwali la mwezi uliopita likisomwa kama la mwezi huu linamdhuru mtu.

Mabadiliko yaliyonipendeza kuliko yote hayakuhusu kitufe chochote. Niliacha kupanga kwa mwezi wa kalenda. Akina mama hawasemi "tarehe 3 hadi 9", wanasema "bamvua hili" na "bamvua lijalo". Nikalikata jedwali la mistari 31 nikabaki na majedwali mawili ya mistari saba, kila moja likiwa na kichwa chake cha habari: Bamvua la mwezi mwandamo, Bamvua la mwezi kumi na nne. Siku za maji mafu nimeziacha nje. Kuna mwezi bamvua linaanza tarehe 29 na kuishia mwezi unaofuata, nami naliacha hivyo hivyo, halikatwi katikati. Mzee mmoja aliniomba niongeze safu ya tarehe za mwezi wa kuandama. Nilijaribu, kisha nikaiondoa kwa sababu tarehe hizo hufuata mwezi kuonekana, na mimi jedwali natangulia kuliandika. Tumekubaliana kwamba mwezi ukiandama binti anaingia na kuiandika kwenye maelezo, siku ya kwanza tu.

Sasa bamvua zima linatosha kwenye kioo kimoja cha simu. Sikuwa nimelipanga kwa ajili ya hilo, lakini ndilo lililolisambaza: mtu mmoja mwenye bando anafungua ukurasa, anapiga picha ya skrini, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, na wasio na bando la kufungulia tovuti wanaipata. Karatasi ya ukutani bado ipo. Binti anaichapisha kutoka kwenye ukurasa huo huo, herufi kubwa, na wameivika plastiki.

Kilichobaki ni wavuvi. Wao wanataka maji yote manne, ya usiku na ya mchana, kujaa na kupwa, na wanataka na maji mafu pia. Safu nne haziwatoshi na safu kumi zimeshanishinda. Ninachokijaribu mwezi huu ni kuigeuza siku moja kuwa mistari minne badala ya safu nane, tarehe ikirudiwa kwenye kila mstari, kwani kihariri hiki hakina kitufe cha kuunganisha visanduku. Jana nilimwonyesha nahodha mmoja mistari ya siku tatu. Aliishika simu kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kamba ya ngalawa, akashuka kwa dole gumba hadi akaifikia leo usiku: "Kupwa, saa 5:04 usiku, 0.4." Akauliza kama kesho yake ipo.