Saa moja ya Kinshasa

Ijumaa jioni nilikuwa nimeshavaa shati la kutokea, natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, simu ikalia. Ni meneja wa kampuni moja ya mabasi yanayotoka hapa Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi. Tiketi zao zinapita kwenye programu ninayoitunza mimi. Mzee huyu kwa kawaida huanza na habari za mama, za baba, za afya, ndipo afike kwenye shida. Siku hiyo hakuuliza hata moja.

«Bus iliisha kwenda asubui, batu kumi na moja balibakia hapa na mizigo yabo. Simu zabo zinasema saa moja. Weye unasema nini?»

Sikuwa na la kusema. Basi la kwanza la Kolwezi linaondoka saa 12 asubuhi, na halijawahi kuwa na saa nyingine tangu niijue kampuni hiyo. Ila wiki hiyo tulikuwa tumefungua ukurasa mpya wa kuonyesha tiketi kwenye simu, na huo ukurasa ndio uliowaambia watu 07:00. Akanipa mpaka Jumatatu alfajiri. Nikavua kiatu kimoja nilichokuwa nacho mguuni.

Chanzo nilikiona upesi, wala si siri kwa Mkongomani yeyote. Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa, Matadi, Kikwit na Mbandaka wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasai, Kivu na Kisangani, tuko mbele. Aliyeijenga programu kabla yangu aliiwekea seva, ile kompyuta kuu, saa za Kinshasa. Basi karani wa hapa Lubumbashi akiandika 06:00, seva inaelewa 06:00 ya Kinshasa, ambayo kwa saa ya dunia ni 05:00. Simu ya abiria, iliyoko Lubumbashi, inaichukua ile 05:00 na kuigeuza kuwa 07:00. Hakuna mashine iliyokosea hesabu, na watu 11 wamebaki stendi wamekalia mifuko.

(Kwa wapenzi wa mambo haya: katika orodha ya saa ambayo karibu kompyuta zote za dunia zinaitumia, Africa/Lubumbashi ni kiungo tu cha Maputo, na Africa/Kinshasa ni kiungo cha Lagos. Wakinshasa wanaotutambia kwa kila kitu, hata saa yao wameazima.)

Nikanunua mega za intaneti, nikachemsha chai, nikaanza. Kubadili jina la mji kwenye seva ni mstari mmoja. Kazi ni safari zilizokwisha kuandikwa: kila moja lazima irudishwe saa moja nyuma, bila kugusa zile zilizokwisha kusafiri, maana mhasibu anazitumia. Saa 10 alfajiri tiketi kwenye simu yangu ikaonyesha 06:00. Nikalala kitandani na nguo, na hapo ndipo karindula ilipoanza. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na kilio, na vijana walikuwa wamekuja na kile kinanda chao kikubwa cha pipa na ngozi ya mbuzi. Nyuzi nne tu, lakini unazisikia kwenye meno. Huwezi kwenda kulalamika kwenye kilio. Nilikwenda, nikatoa changu kidogo, nikakaa na wazee hadi jua likachomoza.

Jumamosi adhuhuri umeme ukakatika. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ni kilomita 1,700 hivi, inavuka karibu nchi nzima, na mimi kompyuta ina asilimia 9. Nikaenda mjini, kwenye mgahawa mmoja wenye groupe, yaani jenereta, na soketi chini ya meza ya pembeni. Meza hiyo ina kanuni zake: huombi chakula chote mara moja. Kwanza maji. Baada ya nusu saa, bukari, ugali wetu, na samaki tomsoni wa kukaanga, mchicha wa lengalenga pembeni, na pilipili uikatae kwanza ili uiitishe baadaye. Kisha chai. Dada anayehudumu alikuja mara ya kwanza na «Papa, utaongeza kitu?», mara ya pili na «Papa, iko kitu ingine?», mara ya tatu akasema «Papa» tu, akasimama. Nikaagiza tomsoni wa pili. Ilikuwa kodi ya umeme, lakini niseme ukweli, yule wa pili alikuwa mtamu kuliko wa kwanza, ngozi imekauka vizuri na kitunguu bado kinalia.

Jioni nikaona kazi imekwisha. Shati bado lilikuwa safi. Nikapanda pikipiki hadi mtaa wa Kamalondo, kompyuta mgongoni.

Kamalondo usiku wa Jumamosi sina haja ya kuwaeleza mliokulia hapa. Rafiki zangu walikuwa wameshachukua meza nje, mbele ya mzee mkata michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Yule mzee hapimi kwa mizani. Anakutazama, anatazama mko wangapi, anakata mbuzi, anamwaga chumvi na pilipili, anasukuma karatasi. Bia za Simba zikaja zikiwa na jasho. Na kwa kuwa uwanja wa Mazembe, timu yetu ya mpira, uko hapo hapo mtaani, haikupita nusu saa mazungumzo yakarudi Kombe la Dunia la Vilabu la mwaka 2010, kama kila mara. Tuliifunga Internacional ya Brazil 2-0, kipa wetu Kidiaba akarukaruka kwa makalio uwanjani, halafu fainali Inter ya Milan ikatupiga 3-0. Mmoja wetu, aliyekuwa na miaka 11 wakati huo, ana maelezo ya kila bao kama alikuwa beki. Nilikuwa nimeegemea kiti, usingizi unanijia kwa utamu, ndipo picha ikaingia kwenye simu.

Karani wa usiku alikuwa amechapisha tiketi ya karatasi ya Jumatatu. Imeandikwa 05:00.

Simu inasema 06:00, karatasi inasema 05:00. Nikamwomba mwenye baa soketi, akanisogeza kwenye kaunta nyuma ya friji. Spika ilikuwa hatua mbili kutoka sikioni, kila besi inatingisha skrini. Nikafungua sehemu inayochapisha tiketi, faili ambalo sikuwa nimeligusa kwa muda mrefu. Nikaukuta mstari unaochukua saa ya safari na kuondoa moja. Juu yake mtu ameandika neno moja la Kifaransa, provisoire, yaani «ya muda», na herufi mbili za jina.

Herufi zangu. Miaka miwili iliyopita, Ijumaa, saa 12 jioni na dakika 47.

Nilikumbuka yote. Makarani walikuwa wamelalamika kwamba karatasi inatoka na saa moja zaidi, nami nilikuwa na watu wananingoja. Wananingoja Kamalondo, kwa mzee huyu huyu wa michopo. Nikaondoa moja, karatasi ikatoka sawa, nikafunga kompyuta. Kwa miaka miwili kosa la seva na kosa langu vilikuwa vinafutana, mpaka ukurasa wa simu, usiojua kuondoa moja, ukaonyesha kosa moja uchi. Rafiki zangu waliuliza mbona nacheka peke yangu nyuma ya friji.

Niliufuta mstari ule usiku huo huo, nikaiambia karatasi ifuate saa ya Lubumbashi popote inapochapishwa, lakini sikumwamini tena mwandishi wake, kwa hiyo Jumapili yote nilipitia faili moja moja nikitafuta provisoire nyingine. Zilikuwa nne. Moja ilikuwa bado na sababu.

Jumatatu saa 11 alfajiri nilikuwa stendi, macho yanawaka kama nimemenya vitunguu. Abiria walikuwa wanalinganisha simu na karatasi, wanamtazama dereva kana kwamba yeye ndiye saa. Basi likatoka. Meneja akanishika mkono, sasa akauliza habari za mama, za baba, za afya. Kisha: «Shida ilikuwa nini?»

Nikasema: «Kinshasa, Papa.»

Akacheka mpaka akashika ukuta. Hapa kwetu jibu hilo halihitaji nyongeza, nami sikuongeza. Akanilipa hapo hapo.

Nimefika nyumbani, nimekaa kitandani, ujumbe ukaingia kutoka kwa mama wa ofisi yao ya Kinshasa, anakouza tiketi kwa watu wanaowalipia ndugu zao wa huku. Ni mzaliwa wa Likasi. Kompyuta yake inafuata saa za kule, kwa hiyo miaka yote hiyo tiketi zake zilikuwa zinatoka na 05:00, naye kila mara alikuwa anachukua kalamu na kusahihisha kwa mkono. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ndivyo mashine ilivyo.

«Leo karatasi inatoka saa kumi na mbili yenyewe,» aliandika. «Niongeze ile saa moja ao niache?»

Nikamjibu aache. Nikalala na viatu.