Siku Yangu Kliniki: "Ngariba Ameshaitwa, Sista"

Saa 11 alfajiri. Kimara bado giza. Chai ya rangi, kiporo cha wali, kisha mbio kituo cha mwendokasi. Ni muuguzi wa upasuaji wa watoto.

Saa 1:30. Mtoto wa mwaka mmoja anaingia thieta leo. Mama yake aliacha kumnyonyesha alfajiri kama tulivyomwelekeza, sasa analia njaa. Nambeba, tunazunguka koridoni hadi aitwe.

Saa 4. Kutoka Mbagala, mama kijana, kichanga chake, na bibi mzaa baba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sista, mjukuu wangu kazaliwa katahiriwa nusu. Jumapili anatimiza siku 21, tunamfanyia akika, na ngariba ameshaitwa ammalizie."

Nafungua nepi. Govi limekaa upande wa juu tu, kama kofia, chini hakuna. Tundu la mkojo haliko nchani, liko upande wa chini, na uume umepinda kidogo. Hii ndiyo haipospadiasi. Mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 8 na ya 14, njia ya mkojo hujifunga kuelekea nchani. Kwa mtoto kama huyu iliishia njiani. Huwapata takriban mmoja kati ya watoto wa kiume 200 hadi 300. Daktari anapapasa korodani: zote mbili zimeshuka. Zingekosekana, angehitaji vipimo zaidi.

Mama anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Ameshaulizwa sana nyumbani alikula nini, alikanyaga wapi. Namwambia, bibi akisikia: hukukosea kitu, mwanangu. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Mnyonyeshe, mpeleke chanjo, mwogeshe kama kawaida. Upasuaji unafaa kati ya miezi 6 na 18.

"Na tohara?"

"Siku hiyohiyo, bibi. Daktari huitumia ngozi ya govi kutengenezea njia ya mkojo. Fundi hashoni kanzu kama kitambaa kimeshatupwa."

Bibi ananyamaza kitambo, anaangalia mtoto.

Saa 8. Huyu ana miaka minne, naye ana haipospadiasi. Alitahiriwa akiwa na wiki mbili, na aliyemtahiri alikuwa mtu wa afya. Dakika moja ya kuangalia ingetosha. Sasa pengine ngozi itatolewa ndani ya mdomo, upasuaji ufanywe kwa awamu mbili. Hili linaniuma kila linapotokea.

Saa 10. Yule wa mwaka mmoja amerudi wodini, kalala, mpira mwembamba wa mkojo umeshonewa. Namfundisha mama pampasi mbili: ya ndani tunaitoboa, mpira unapita, mkojo unaishia kwenye ya nje, kidonda kinabaki kikavu. Mpira utakaa wiki moja hivi. Ukiziba, au akipata homa, aje mara moja, hata usiku. Namwambia pia kwamba baadaye huweza kutokea katundu kanakovujisha mkojo, karekebishwe tena. Afadhali alisikie kwangu leo.

"Atakojoa amesimama kama wenzake?"

"Ndicho tunachokitafuta, mama."

Saa 1 usiku, nimesimama ndani ya basi, simu inaita. Ni bibi wa Mbagala. Ngariba ameambiwa asije. Mbuzi wawili wameshanunuliwa, akika ipo palepale, na Jumapili nisikose.