Siku mama muuza ubuyu alipokagua mchoro wetu

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha dizaini wanafunzi wa diploma ya uhandisi, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dar, na projekti ya muhula ule ilikuwa kituo cha kuchotea maji mtaani, vile vya koki nne, unalipia ndoo yako unajaza unaondoka. Sharti nililowapa ni moja tu, kila mtu aweze kukitumia, na watu wenye ulemavu wakiwemo. Nilishawasomea Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, wakaandika kwenye madaftari, nikaona hapo nimemaliza.

Kundi moja likaleta mchoro mzuri sana. Jukwaa la zege limeinuliwa sentimita 30 kwa ajili ya maji ya mvua (aliyewahi kuiona Mbagala wakati wa masika ataelewa), rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia, ya moja kwa kumi na mbili (kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele), kwa hiyo urefu mita 3.6, na kule juu nafasi ya mita moja na nusu ili kiti mwendo kigeuke. Kila kipimo kama vitabu vinavyotaka. Nikawapa 18 kati ya 20.

Ijumaa yake nikawaambia leo hatuingii darasani, chukueni tepu na chaki na matofali kadhaa, tukaenda Mbagala kwenye uwanja mmoja wa simenti jirani na bomba, tukauchora ule mchoro chini kwa saizi yake halisi. Nilichotaka ni waone tu ukubwa wa kitu walichochora, manake kwenye karatasi mita moja na nusu inaonekana uwanja wa mpira.

Pembeni pale kulikuwa na mama anauza ubuyu na karanga, amekaa kwenye ile baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha pedeli kwa mikono, nyuma amefunga dumu la lita 20. Vijana wakamfuata, shikamoo mama, marahaba wanangu, wakamwomba awajaribie. Akampa mtoto amwangalizie biashara, akaingia kwenye mistari ya chaki taratibu mpaka mwisho, vijana wakaanza kupiga makofi. Akafika penye koki, akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Haya wanangu, mmenipandisha. Nashukaje?"

Tukapima baiskeli, karibu mita mbili kwa urefu. Ile mita moja na nusu yetu ni ya kiti mwendo, kile kifupi cha kwenye korido za hospitali, na baiskeli kama yake ndo tunazipishana nazo barabarani kila siku, mimi mwenyewe nazipishana nazo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Kijana aliyeongoza kundi akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini madam, tumefuata standadi." Alikuwa anasema kweli, na mimi ndo nilimpa 18.

Mama akamwita. Akamwambia akandamize pale kwenye dumu, halafu ainue tairi la mbele kidogo kwa mkono mmoja. Likainuka kirahisi tu.

"Umeona? Huku mbele ndo kunakovuta. Nikijaza maji nyuma, hapa panakuwa pepesi, sasa kwenye mlima wenu simenti ikilowa si litazunguka tu hapo hapo, mimi nabaki."

Hiyo sijaikuta kwenye kitabu chochote nilichofundishia. Akatueleza kwamba kila siku anamlipa kijana amjazie, kwa hiyo maji yake ni ghali kuliko ya jirani yake, na akifika mtoto tu wa kumsaidia anashukuru. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika daftari sijaandika kitu.

Tukafuta chaki. Safari hii mama ndo anaelekeza, vijana wanachora. Koki tatu zibaki kwenye jukwaa, ya nne ishushwe chini pembeni, njia yake aingilie huku atokee kule, asigeuke kabisa, na iwe na kipande cha mpira ili dumu lijazwe likiwa limefungwa pale pale kwenye baiskeli. Koki yenyewe iwe ya mkono mrefu, ya kusukuma hata kwa kiwiko, siyo ile ya duara ya kunyonga. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anasubiri foleni naye akaingilia kati, akasema wekeni na ukuta wa kufika hapa, akagusa kifua, niiweke ndoo nijitwishe mwenyewe, kilo 20 hizi kila siku naomba mtu. Nao ukachorwa. Yule kijana wa standadi akapiga magoti na tepu akampima mama kila kitu, mkono wake unafika wapi akiwa amekaa, akiinama, akinyoosha.

Ilikuwa karibu saa nane tunakusanya vitu. Mama alikuwa amesharudi kwenye biashara yake, vijana wananunua ubuyu, akaniita.

"Mwalimu, mafundi wanaanza lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni kazi ya darasani, hakuna pesa ya kujenga. Akaniangalia, akasema "Aah, sawa," akaendelea kuwafungia vijana ubuyu. Kwenye mchoro wa pili nilioupokea Jumatatu, wameandika juu kabisa mtaa, tarehe na jina lake, wakaniuliza tunaupeleka wapi.

Tukaupeleka serikali ya mtaa, mimi na wao saba, kwa miguu.