Jioni ya Kwaresima Kirumba

Mwezi Machi mwaka 2000, tukiwa katika Kwaresima ya Jubilei Kuu, habari za Kanungu zilitufikia Mwanza kwa njia ya redio, kwanza kwa taarifa fupi, kisha kwa maelezo yaliyozidi kutisha kila siku. Tarehe 17 ya mwezi ule, huko kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa, na baadaye ikafukuliwa miili mingine mingi katika mashimo. Walikuwa wafuasi wa kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lililofundisha kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Waliuza mali zao, wakaacha hata kuzungumza isipokuwa kwa ishara, kwa hofu ya kutenda dhambi kwa ulimi. Wengi wao walitoka katika Kanisa Katoliki, wakishika rozari kama zetu, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Wiki iliyofuata jumuiya yetu ndogondogo ilikutana Kirumba, nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza dagaa pale Mwaloni. Umeme ulikuwa umekatika, tukakaa mkekani tukiizunguka chemli. Baada ya rozari, katekista alifungua Injili ya Mathayo, sura ya 24, akasoma mahali ambapo Bwana anasema kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Alieleza vizuri, maana alikuwa mwalimu hodari, kwamba anayeitangaza tarehe amejitwalia lisilo lake. Hata hivyo niliona kuwa sisi vijana tulikuwa tumeanza kulionea haya fundisho lenyewe, na mwenzetu mmoja alisema waziwazi kwamba ingekuwa heri tuishi vizuri tu, mambo ya siku za mwisho tuachane nayo.

Ndipo mwenye nyumba alipoomba kusema. Sote tulijua kwamba kijana wake wa kwanza alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na kwamba mwili wake haukutambuliwa. Alikuwa na desturi ya kwenda kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa siku ile, akawaombea wote bila kuchagua, kwa kuwa hakujua kama mwanawe yumo. Biblia yake, ambayo mgongo wake ulikuwa umeshikizwa kwa plasta, ilifunguka yenyewe kwenye kitabu cha Ufunuo.

“Wanangu,” alisema, “mimi dunia imeshaniishia mara moja, na kesho yake niliamka nikateka maji, kwa sababu wadogo zake walikuwa na njaa. Msininyang’anye siku ya Bwana kwa sababu ya mambo ya Kanungu. Imeandikwa hapa kwamba bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake, nami naamini hata ziwa hili litamtoa wangu. Bwana asiporudi, nani atanirudishia?”

Katekista, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, aliitikia tu, “Ni kweli, mama.” Yule kijana mwenzetu akauliza kwa heshima, “Sasa mama, unamngojaje?” Alijibu kwamba huamka kabla jogoo hajawika, husali Baba Yetu polepole, na akifika kwenye “ufalme wako ufike” husimama hapo mpaka awe ameyasema maneno hayo kwa moyo wake wote. Kisha huenda Mwaloni, na kopo lake la kupimia dagaa hajalibonyeza kitako ili kuwapunja wateja, kwa kuwa Bwana anaweza kumkuta amelishika mkononi.

Nilikuwa nimekiri katika Misa tangu utotoni kwamba Kristo atakuja tena, lakini sikuwa nimewahi kukutana na mtu anayemngoja namna ile, kama anavyongojwa mtu wa nyumbani. Kule Kanungu watu walifundishwa kuikimbia ghadhabu, na hofu ikawafanya wasiweze hata kumwuliza kiongozi wao swali. Mama huyu hakukimbia kitu. Kesho yake nami nilianza kuamka mapema nisali kwa utaratibu wake, na kwa majuma mengi usingizi na mawazo ya kazi vilinisumbua sana, ila taratibu maneno yale matatu yakaanza kunidai habari ya jinsi ninavyoishi: ninavyosema na mke wangu, na deni nililokuwa nikilikwepa.

Tarehe 21 Mei mwaka uleule iliangukia Jumapili, tukiwa bado katika kipindi cha Pasaka. Baada ya Misa jumuiya nzima tulifuatana na mama hadi Igoma. Yule kijana mwenzetu ndiye aliyesoma waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, pale Mtume Paulo anapowaambia waumini wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, na alipomaliza, mama alimwomba aanze tena tangu juu, kwa sauti kubwa zaidi, maana waliosimama nyuma hawakuwa wamesikia.