Nilivyoachana na kura: Americano ya watu wanane

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kupanga mashindano ya kirafiki ya padeli, nilienda na vikaratasi vinane mfukoni. Tulikuwa wanane, mimi nikiwemo, na viwanja viwili. Nikajiambia kila raundi tutapiga kura, na mwenza atakayemwangukia kila mtu ni bahati yake. Kufika raundi ya nne, dada mmoja alikuwa ameshapangwa mara tatu na yule aliyekuwa mkali kuliko sote. Bila shaka alikuwa anaongoza. Kaka mmoja, ambaye hakuwa amecheza na mkali huyo hata mara moja, aliniuliza mbele ya watu kama vikaratasi vyangu vina macho. Sikuwa na jibu.

Padeli ni mchezo wa raketi unaochezwa wawili kwa wawili, ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 10 uliozungushiwa vioo na wavu wa chuma. Hakuna pa kujificha. Mwenzako akiwa hodari unaonekana hodari, akiwa hajazoea mpira unaorudi kwenye kioo unakimbia kwa niaba ya wawili. Kwa hiyo swali la nani anacheza na nani ndilo shindano lenyewe, na mimi nilikuwa nimeliachia bahati.

Nilichokuwa nakitaka, bila kujua namna ya kukifikia, ni Americano halisi: kila mtu awe mwenza wa kila mtu mara moja, na pointi ziandikwe kwa jina la mtu, si la jozi. Mechi haina seti. Mnakubaliana idadi ya pointi, sisi tulichagua 24, na zinachezwa zote. Ikiisha 15 kwa 9, wawili wanaandikiwa 15 kila mmoja na wawili 9 kila mmoja. Hili napenda kuliko yote, maana hata aliyezidiwa ana sababu ya kuukimbilia mpira wa mwisho.

Nikakaa na kalamu. Watu wanane wanatoa jozi 28. Kila mechi inatumia jozi mbili, kwa hiyo mechi 14. Kwa viwanja viwili ni raundi 7 kamili, na hakuna anayekaa nje. Kilichonitesa ni wapinzani. Nilikuwa nikizipanga jozi vizuri, halafu nikagundua kuna watu wanakutana upande wa pili wa wavu mara nne na wengine hawakutani kabisa. Nilichana karatasi nyingi kabla ya kupata njia hii.

Mpe kila mtu namba. Namba 8 haibadiliki. Raundi ya kwanza: 8 na 7 dhidi ya 1 na 3, uwanja wa pili, 2 na 6 dhidi ya 4 na 5. Raundi inayofuata ongeza moja kwa kila namba isipokuwa 8, na 7 ikiongezwa inarudi kuwa 1. Unapata 8 na 1 dhidi ya 2 na 4; 3 na 7 dhidi ya 5 na 6. Endelea hivyo mpaka raundi ya saba. Kila mmoja atakuwa amecheza na kila mwenzake mara moja na kupambana naye mara mbili. Sikuamini, nikahakiki jozi moja moja. Ni kweli.

Mara ya pili nikaenda na ratiba iliyokamilika, na shida ikawa kuanzisha mpira. Wengine walitaka kubadilishana kama kwenye mechi ya kawaida, ambako mtu anaanzisha mpaka gemu iishe. Kwa pointi 24 haifai, unaweza kujikuta mmoja kaanzisha mara kumi na mwingine mara mbili. Tukakubaliana kila mtu aanzishe mara mbili, moja kulia na moja kushoto, kisha upande wa pili upokee zamu. Kwa mechi nzima kila mchezaji anaanzisha mara 6.

Raundi ya tano mtu akateguka kifundo cha mguu. Tulimwita mtazamaji mmoja ashike nafasi yake. Aliyecheza naye alihesabiwa pointi zake kama kawaida, mtazamaji hakuhesabiwa. Haikuwa haki kamili, lakini ilikuwa bora kuliko kuvunja ratiba nzima.

Baadaye wenzangu wakaomba tujaribu Mexicano. Wapo wanaodhani hiyo ndiyo padeli ya asili, kwa kuwa mchezo ulianzia Acapulco nchini Meksiko mwaka 1969, nyumbani kwa Enrique Corcuera. Sivyo, ni namna tu ya kupanga jozi. Raundi ya kwanza ni kura, kisha jozi zinafuata msimamo: wanne wa juu uwanja mmoja, wa kwanza na wa nne dhidi ya wa pili na wa tatu, na wanne wa chini vivyo hivyo. Mechi zinabana kweli, 13 kwa 11, 12 kwa 12. Ila niliona kasoro: uwanja wa juu watu wanavuja jasho kupata 13, huku chini mtu anapata 19 kirahisi na kumpita kiongozi. Pia kati ya raundi na raundi lazima ujumlishe upya huku watu wamesimama wanakutazama. Kwa kundi linalojuana naikubali. Wakiwepo wageni narudi kwenye Americano, maana kwenye Mexicano mgeni dhaifu anaweza kumaliza jioni bila kucheza hata mara moja na mzoefu.

Siku hizi ratiba ya raundi saba imo kwenye mfuko wa raketi, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Namba wanachagua wenyewe, isipokuwa 8, hiyo ni yangu. Namba 8 haiondoki uwanja wa kwanza, na ubao wa pointi huwa nimeuegemeza kwenye kioo cha uwanja huohuo.