Paka wangu nje ya mlango

Nilipopata korona hapa Pasua, Moshi, kilichoniuma kuliko kikohozi ni kumsikia Simba, paka wangu, akilia nje ya mlango. Amezoea kulala shingoni kwangu. Lakini mwaka 2020, kule Hong Kong, mbwa na paka walikutwa na virusi baada ya waliowafuga kuugua, na paka huambukizwa kwa urahisi kuliko mbwa. Wengi huugua kidogo tu, wakapona. Hata hivyo, sikuthubutu kumhatarisha. Mdogo wangu ndiye aliyemlisha dagaa. Mimi sikumgusa kabisa. Nilipopona nikafungua mlango. Akanitazama, akageuka, akaenda kulala juu ya gunia la mahindi. Usiku ndipo aliporudi shingoni.